Senti Kumi, Senti Moja

Alikuja Jumamosi, Normand Ouellette,
theluji ya Machi ingali imelikalia paa la gereji yangu,
akauweka msumeno mezani kama mtu anayerudisha deni.
"Niuzie," akasema. "Mikono imenisaliti."

Miaka hamsini na mitano amekata misonobari
upande huu wa Mto Saint John,
na sasa kila gogo linamwendea upogo:
mkato unaanza wima, unaishia kushoto
kama njia ya mlevi.
Amekwisha kumwambia mkewe, uzee umebisha hodi.

Mimi ni mnoaji. Sitibu uzee.
Ila mnyororo hauna siri kwa anayeushika.
Meno ya juu ndiyo yanayosifiwa,
yanakata, yanarusha unga wa mbao, yana kelele.
Ya chini hayataji mtu.
Yanakaa ndani ya mfuo wa upanga,
yanavuta, yanaongoza, yananyamaza,
na unene wake ndio shauri lote.
Hamsini. Hamsini na nane. Sitini na tatu.
Sehemu za elfu za inchi;
jicho haliwezi, na kidole hujidanganya.

Namba ya upanga wake ilikuwa imefutika.
Nikatoa pochi.

Senti kumi kwanza: ikazama mfuoni, kimya.
Kisha senti moja: ikagoma mlangoni.
(Nchi yetu ina vituko, kumi nyembamba kuliko moja.)
Basi ni hamsini na nane.
Na mnyororo aliouziwa?
Kwenye boksi, pembeni, chini ya bei: hamsini.

"Normand, si mikono.
Umevaa kiatu cha mtu mwingine.
Mguu unapwaya, nawe unalaumu goti."

Hakucheka. Aliitazama mikono yake,
kiganja, mgongo, kiganja,
kama kifurushi kilicholetwa nyumba isiyo yake,
kisha akavaa glavu, polepole mno.

Usiku ule nikaandika.

*Waheshimiwa waunda misumeno,
namba yenu ni ndogo kama yai la sisimizi,
nanyi mmeichapa pale pale nati zinaposugua,
pale mafuta yanapopita na uchafu wake.
Haimalizi mwaka.
Ichongeni kwa kina. Pande zote mbili.
Kwenye boksi iwe kubwa kuliko jina lenu,
jina lenu tunalijua.
Huku mzee nusura auze riziki yake
kwa sehemu nane za elfu.
Gervaise Pelletier, mnoaji.*

Wakajibu kwa kadi ya kuchapwa,
asante kwa maoni yako, mteja mpendwa,
na kofia.
Kofia nimekivika kisiki cha kupasulia kuni.

Nikaandika tena. Safari hii
nikaufunga upanga wa Normand kwa gazeti
(yeye nilishampa mwingine),
sarafu mbili nikazibandika ubavuni kwa utepe,
nikalipa posta zaidi ya thamani ya chuma kile.
Mume wangu akasema, unampigia mbuzi gitaa.
Nikasema, huenda mbuzi ana masikio.

Mei, barafu ya mto imekwisha kukatika,
simu ikalia nikiwa nakunywa kahawa.
Mwanamke, sauti changa, nyuma yake mashine zinanguruma.
Noreen Kaczmarek, idara ya panga.
Hakuniita mteja, wala mpendwa.
"Upanga tunao hapa mezani," akasema.
"Sarafu tumezijaribu, wote, mmoja mmoja.
Lakini sisi panga zetu ni mpya.
Mfuo ukishachakaa, ukapanuka,
senti moja si itaingia pasipo pake?
Hapo sarafu inasema kweli, au inasema umri?"

Sikuwa na jibu.
Miaka ishirini na sita ya kunoa,
na hakuna aliyewahi kuniuliza swali
ambalo sikuwa na jibu lake.

Nikamwambia asikate simu.
Nikashuka gerejini na soksi tu,
kwenye msumari zinakoning'inia panga kuukuu,
huku nikijipapasa mfukoni
kutafuta senti moja.